Kanae Alikwenda Wapi?

Kwa mtu aliyekulia pwani, neno manga lina makazi yake ya zamani. Manga ni Uarabuni, hasa pande za Maskati. Mmanga ni mtu aliyekuja kutoka huko kwa jahazi. Na pilipili manga bado haikosekani katika jiko la Mswahili, hata katika majiko haya yetu ya Uingereza yenye madirisha yasiyofunguka. Kwa hiyo siku binti yangu alipoingia sebuleni akasema, "Baba, nimeazima manga maktaba," nilicheka moyoni kabla sijakitazama kitabu chenyewe. Ilikuwa ni hadithi ya picha ya Kijapani, ile aina isomwayo kutoka kulia kwenda kushoto. Yeye amekwisha kuzoea. Mimi sikuhitaji kuzoea: marehemu babu yangu aliandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, na tangu utotoni mikono yangu inajua kwamba kitabu chaweza kufunguliwa upande ule na pasiwe na ajabu.

Alikisoma kwa jioni mbili. Jioni ya pili, nikiwa nasahihisha insha za wanafunzi, aliniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Lakini kwanza nieleze kitabu.

Chanzo chake ni filamu ya katuni ya mwaka 2007, Sentimita Tano kwa Sekunde, iliyoongozwa na Makoto Shinkai, yule ambaye miaka tisa baadaye alipata umaarufu wa dunia kwa filamu ya Your Name. Ni filamu fupi, inazidi saa moja kwa dakika chache tu, nayo imegawanyika sehemu tatu. Katika sehemu ya kwanza, mvulana aitwaye Takaki anapanda treni kutoka Tokyo kwenda Iwafune, mkoa wa Tochigi, kumuaga Akari, msichana aliyesoma naye shule ya msingi, kwa kuwa yeye mwenyewe yuko karibu kuhamishiwa kusini kabisa mwa nchi. Theluji inaanguka, treni zinakwama, saa zinapita. Barua aliyokusudia kumpa inapeperushwa na upepo kwenye jukwaa la stesheni. Anafika usiku akiwa hana tena matumaini, na Akari bado yuko pale, kando ya jiko, na chakula alichokipika. Wanabusiana chini ya mti wa cheri usio na ua hata moja, na asubuhi wanaagana.

Katika sehemu ya pili Takaki yuko kisiwa cha Tanegashima, ambako Japani hurusha roketi zake. Msichana wa huko, Kanae, anampenda. Humngoja baada ya masomo, hununua kinywaji pamoja naye, hurudi naye njia moja kwa pikipiki ndogo, na kila siku hulimeza lile neno. Katika sehemu ya tatu Takaki ni mtu mzima Tokyo, mtaalamu wa programu za kompyuta, aliyechoka, aliyeacha kazi, na aliyeachwa na mwanamke aitwaye Risa ambaye hakuweza kumkaribia hata baada ya miaka mitatu. Akari anajiandaa kuolewa na mtu mwingine. Siku moja, kwenye kivuko cha reli, mwanamume na mwanamke wanapishana. Treni mbili zinapita kati yao. Zikiisha kupita, upande wa pili hakuna mtu. Mwanamume anatabasamu kidogo na kwenda zake.

Jina la filamu, kama Akari mdogo anavyoeleza, ni mwendo wa ua la cheri linapoanguka. Nilipiga hesabu, maana mwalimu haachi tabia yake. Kwa mwendo huo, ua lililo juu mita tatu lingechukua dakika nzima kufika chini, na yeyote aliyekaa chini ya mti wenye maua siku ya utulivu anajua kwamba halikawii hivyo. Kwa hiyo jina lile si kipimo cha fizikia. Ni namna mtoto anavyoiona dunia pale anapotamani isimkimbie. Na Shinkai analijua hilo, kwani katika sehemu ya pili anairudisha tarakimu ile ile: lori linalobeba roketi kwenda kituoni linatambaa kwa kilomita tano kwa saa, Kanae analitaja jambo hilo bila kujua analogusa, na Takaki anashtuka. Binti wa watu amesema neno lenye thamani kuliko yote kwa yule kijana, na thamani yenyewe si yake. Ni ya msichana mwingine aliye mbali.

Hapo ndipo penye kidonda cha filamu hii, nami naona watazamaji wengi hukipita. Huililia Akari na Takaki. Huulalamikia umbali, theluji, simu, barua zilizopungua hadi zikakoma. Kwa sisi tulioishi miaka kwa kuhesabu tofauti ya saa kati ya hapa na nyumbani, malalamiko hayo yana utamu wake, sitayakana. Lakini uaminifu wa Takaki kwa kumbukumbu yake, unaoonekana safi kama theluji ile, una gharama, na anayelipa gharama si yeye peke yake. Analipa Kanae. Analipa Risa.

Niitendee haki filamu. Sehemu ya pili imesimuliwa kwa sauti ya Kanae mwenyewe, na hakuna sehemu nyingine niipendayo kuliko hiyo. Jioni anayoamua kusema, baada ya kufanikiwa hatimaye kusimama juu ya ubao wake baharini, anamtazama Takaki na kusoma usoni mwake kwamba asiseme. Kijana ni mpole kwake. Upole wenyewe ndio mlango uliofungwa, naye Kanae, akilia njiani, anatamani laiti asingetendewa wema huo. Kisha roketi inaruka, anga linapasuka kwa mwanga, na anatambua kwamba macho ya mwenzake siku zote yalikuwa yakitazama kitu kilicho mbali kupita kisiwa, kupita yeye. Analala akilia, akijua kwamba bado atampenda. Baada ya hapo hadithi inamwacha. Sehemu ya tatu inampitisha kwa picha chache zisizo na neno, wimbo unaimbwa, basi.

Sasa manga. Mwaka 2010 jarida la Afternoon la kampuni ya Kodansha lilianza kuchapisha kisa hiki kwa picha, mchoraji akiwa Yukiko Seike na Shinkai akitajwa kuwa mwenye hadithi. Kilikamilika mwaka uliofuata, kikawa juzuu mbili. Tafsiri ya Kiingereza imezikusanya pamoja katika kitabu kimoja kinene, na ndicho alichokiazima binti yangu. Hasara ya kuhamisha kazi ya Shinkai kwenda kwenye wino mweusi iko wazi: mtu huyu anajulikana kwa mawingu yake na mwanga wake, na hapa mwanga umekuwa karatasi tupu. Wimbo nao haupo. Treni za kivukoni haziwezi kumlazimisha msomaji angoje. Ni yeye atakayeamua lini ageuze ukurasa. Lakini Seike amepata kitu ambacho filamu haikuwa nacho, yaani nafasi. Akaitumia nafasi hiyo kwa wale waliolipa gharama. Risa, ambaye katika filamu ni ujumbe wa simu na sura chache, hapa ni mtu mwenye siku zake, wasiwasi wake, na namna yake ya kunyamaza. Na sura ya mwisho ya kitabu, baada ya Takaki na Akari kumalizana na hadithi yao, amepewa Kanae. Ni mtu mzima. Anafunga safari kwenda Tokyo, na kitabu kinafungwa kikimwacha pale ambapo msomaji anaweza kukisia lakini hawezi kuapa.

Niliposoma sura hiyo mara ya kwanza nilikasirika kidogo. Nina mwenzangu kazini, msomi wa tamthilia, ambaye hasira yake ilikuwa kubwa kuliko yangu. Hoja yake ni hii, nami naiona nzito: ukweli wa filamu uko katika kumwacha Kanae. Hivyo ndivyo maisha yalivyo. Tunaishi na watu, tunahama, na hatujui kamwe waliishia wapi. Hakuna mchoraji anayekuja miaka mitatu baadaye kutuonyesha. Anayeongeza sura ya mwisho anatupa faraja ambayo hatukuistahili, na anamwibia mtunzi wa kwanza lile shimo alilolichimba kwa makusudi. Kwa kifupi, Seike amekosa uaminifu.

Neno hilo lilinikaa. Uaminifu katika Kiswahili ni ndugu wa amana, na amana tunaijua: ni kitu cha mtu kilichowekwa mikononi mwako, nawe huna ruhusa ya kukibadilisha wala kukitumia. Ukiwekewa pete, irudishe pete ile ile. Lakini watu wa zamani waliweka amana hata mbuzi. Mbuzi akizaa akiwa kwako, mtoto ni wa nani? Ni wa mwenye mbuzi, ndilo jibu la wazee, na nadhani hakuna anayelipinga. Angalia basi kinachofuata. Hakuna anayesema mwekewa amana alikosa kwa kumwacha mbuzi azae. Angekosa kama angemzuia. Mtohozi aliyekabidhiwa hadithi amekabidhiwa kiumbe na si pete, na ikiwa ndani ya sehemu ya pili mlikuwa na mimba ya maisha ya Kanae, basi sura ile ni kizazi cha hadithi yenyewe. Ndiyo maana jina la Shinkai limebaki kwenye jalada.

Wala hili si geni kwetu. Mwalimu Nyerere alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare kuhusu yule mfanyabiashara mmoja wa Venisi, mwaka 1969, aliuita Mabepari wa Venisi. Kwa neno moja alihamisha uzito kutoka kwa mtu kwenda kwa tabaka. Tunaweza kubishana kama alifanya vyema, na katika darasa langu tunabishana kila mwaka, lakini hatuwezi kudai kwamba hakuwa amemsoma Shakespeare kwa makini. Kila anayesimulia upya anatoa hukumu, na aghalabu hukumu yenyewe ni juu ya nani alistahili kutazamwa zaidi.

Atakayenipinga atasema: unamtetea nani? Kanae hayupo. Ni mistari. Hawezi kudhulumiwa kwa kuachwa wala kutendewa haki kwa kurudishwa. Nakubali, hawezi. Lakini mazoea ya kutazama ni yetu, nayo yapo. Iris Murdoch, mwanafalsafa wa Oxford aliyekuwa pia mtunzi wa riwaya, alishikilia kwamba kupenda ni kutambua, tena kwa shida kubwa, kwamba kuna mwingine aliye halisi kama ulivyo wewe. Kwa kipimo hicho sina hakika kwamba Takaki ametupwa mbali na upendo, kama tunavyopenda kumwona. Yaelekea alijiepusha nao. Akari aliye moyoni mwake ana miaka kumi na mitatu milele, na hawezi kumkatalia neno lolote. Kanae aliye mbele yake anatoka jasho, anahitaji jibu. Kumpenda wa kwanza hakumgharimu kitu isipokuwa huzuni, na huzuni kwa vijana wenye vipaji ni mali.

Nimesema "vijana wenye vipaji" kana kwamba nazungumza juu ya wengine.

Swali la binti yangu lilikuwa fupi. "Baba, kwenye ile hadithi yako ya treni, aliyekupa koti ni nani?"

Hadithi yangu ya treni inajulikana nyumbani kwetu na kwa wageni wote waliowahi kula pilau hapa. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa udaktari, Leeds. Msichana niliyempenda tangu Dar es Salaam alikuwa akimaliza shahada yake Cardiff na alikuwa anarudi nyumbani siku mbili baadaye. Nilipanda treni alfajiri, theluji ikaanguka, tukakwama, nikabadilisha treni, tukakwama tena, nikafika karibu na usiku wa manane. Alikuwa pale stesheni na chai ndani ya vikombe vya karatasi, imepoa. Tulikaa hadi kukapambazuka. Hatukuoana, maisha yalikwenda yalikokwenda, na mama wa binti yangu huicheka hadithi hii kuliko mtu yeyote. Nimeisimulia mara nyingi kiasi cha kujua mahali pa kunyamaza kidogo ili wasikilizaji wavute pumzi. Na katika hadithi hiyo mna sentensi moja inayosema: sikuwa na koti la maana wala nauli, lakini rafiki mmoja alinisaidia.

Rafiki mmoja. Alikuwa mwanafunzi mwenzangu kutoka Mombasa. Koti alilinunua katika duka la mitumba la hisani wiki moja kabla, kwa sababu aliona natetemeka kwenye kituo cha basi. Nauli aliitoa katika pesa zake za mwezi. Jumapili alipika wali wa nazi na kunibakishia. Sura mbili za kwanza za tasnifu yangu alizisoma kabla ya msimamizi wangu, akaweka alama kwa penseli pale nilipojisifu. Alfajiri ile alinisindikiza hadi stesheni, akasimama kwenye jukwaa akiwa amejifunga mtandio juu ya kofia, na treni ilipoanza kuondoka hakupunga mkono. Miaka ilipopita rafiki yetu sote aliniuliza, "Hivi wewe kweli hukujua?" Nikamjibu kwamba sikujua. Ulikuwa uongo. Nilijua. Nilikuwa mpole kwake, na upole wangu nilijivunia.

Nilimjibu binti yangu ukweli huu, si wote, kwa kiasi kinachomfaa msichana wa miaka kumi na sita. Alisikiliza, kisha akafanya jambo nisilolitarajia: akamgeukia Seike. Yeye hakufurahishwa na sura ya mwisho. "Kwa nini lazima aende Tokyo?" alisema. "Wamempa sura nzima, halafu bado anamtafuta yule yule. Mimi ningetaka nimwone akiwa na shughuli zake."

Nimelifikiria jibu hilo wiki nzima, na nadhani limeona mbali kuliko mwenzangu wa tamthilia na kuliko mimi. Mwenzangu anasema Kanae alipaswa kuachwa. Mimi nilisema alipaswa kurudishwa. Binti anauliza anarudishwa kwa ajili ya nani. Kama sura ya Kanae imeandikwa ili Takaki asibaki peke yake, au ili sisi tuliomwonea huruma tulale usingizi, basi ametumika mara ya pili. Seike, kwa maoni yangu, anaponea chupuchupu kwa kutomaliza: anamwacha Kanae katikati ya jiji kubwa, akiwa na miguu yake mwenyewe, na safari ni uamuzi wake. Kitabu kingeendelea kwa kurasa tano zaidi kingeanguka. Binti yangu haafiki hata hapo, nami sijapata hoja ya kumshinda.

Na jambo hili linanigusa mahali pengine. Baada ya mazungumzo yale nilitaka kumwandikia yule mwanamke. Si vigumu kumpata; watu wa Mombasa walioko nje wanajuana. Nilikaa kwenye meza usiku nikaanza: salamu, pole na miaka, kisha koti, nauli, penseli. Aya ya tatu nikaona ninachokifanya. Nilikuwa naandika vizuri. Nilikuwa nimejua mahali pa kunyamaza kidogo. Yeye ana maisha yake, pengine ana watu wake, pengine alfajiri ile kwake ni alfajiri moja kati ya nyingi, na mimi natokea baada ya karibu miaka ishirini nikiwa na majuto yaliyopigwa pasi, nimpe afanye nayo nini? Anisamehe? Hiyo nayo ni kazi, na nimekwisha kumpa kazi nyingi. Lakini kutoandika nako ndiko nilikofanya miaka yote, na wakati ule pia nilikuwa na sababu nzuri. Takaki kule kisiwani alikuwa na tabia ya kuandika ujumbe mrefu kwenye simu, usio na wa kupelekewa, kisha kuufuta. Ujumbe wangu nami sikuufuta. Sikuutuma pia. Uko kwenye kompyuta, katika faili lililo kati ya ratiba ya mitihani na barua za mapendekezo.

Kitabu kimerudi maktaba. Hadithi ya treni sijaisimulia tangu siku ile, ingawa wageni wamekuja. Koti lenyewe halipo tena hapa nyumbani: majira ya baridi yaliyopita, kabla ya haya yote, nilimpa mwanafunzi mgeni kutoka Kigoma ambaye alikuja ofisini kwangu akiwa na shati tu. Aliniuliza kama ni langu. Nikamwambia ndiyo.